Zawadi ya Mkono

Wahenga walisema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tunaikumbuka tunapowatazama akina mama wa Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai ni kali. Jioni, baada ya kazi za shamba na za nyumba, mmoja huketi na sindano zake mbili na uzi wa sufu, akafuma kofia ya mtoto mchanga wa rafiki yake. Akikosea kitanzi kimoja, hufumua safu nzima na kuanza upya, ingawa hakuna anayemsimamia.

Je, thamani ya kofia hiyo ni nini? Uzi una bei yake dukani. Lakini saa alizokaa akimfikiria mwenzake hazina mizani ya kuzipimia, wala haziwezi kurudishwa. Ndiyo maana rafiki anayeuliza, "Nikulipe shilingi ngapi?" huweza kumvunja moyo bila kukusudia.

Hata hivyo, tuseme kweli. Mara nyingi hisani hii tunaigeuza kuwa haki yetu: "Wewe unapenda kufuma, basi nifumie na mimi." Hapo tunasahau kwamba kuipenda kazi hakuiondolei jasho lake. Zawadi hutolewa, haidaiwi; ikidaiwa, imekwisha kuwa kodi. Tukihitaji, na tununue kwa bei ya haki. Tukipewa, na tupokee kwa mikono miwili, tukijua kwamba tumepewa sehemu ya umri wa mwenzetu.