Onesiforo Hakwenda na Daftari

Andiko: 2 Timotheo 1:15-18

 

Wengi mmeniuliza mbona Jumapili iliyopita sikuwa madhabahuni. Nilikuwa Biliqo. Neno la leo nimelipata huko, kwa hivyo mnivumilie nianze na safari kabla ya andiko. Hili andiko nimelihubiri miaka mingi, lakini sikuwa nimelisikia.

Mnajua tuna mwinjilisti Biliqo. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tunamtaja kwenye maombi, tunasema Bwana mkumbuke mtumishi wako, halafu tunaingia matangazo. Tulimtuma mwaka 2021, yeye na mkewe na watoto wawili, wakati wa ule ukame ambao mvua ilikosa misimu mitano mfululizo na mizoga ya ng'ombe ikawa kando ya barabara. Tulimwekea mikono hapa mbele, mkalia, mkatoa sadaka, tukapiga picha. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelala usiku mmoja nyumbani kwake. Na mimi mchungaji wenu nikiwa wa kwanza.

Kazi yangu kwake ilikuwa simu. Kila mwisho wa mwezi napiga: Ibada mlikuwa wangapi? Waliookoka ni wangapi? Sadaka imefika ngapi? Anajibu, naandika kwenye daftari, namwambia, "Ubarikiwe mtumishi, simama imara," nakata. Hiyo ndiyo nilikuwa naita malezi ya watumishi.

Sasa siku moja akanipigia mkewe. "Pasta, samahani kukusumbua. Huyu mtu anaenda kanisani, anahubiri vizuri, anarudi. Lakini hapa nyumbani haombi tena. Mimi na watoto tunaomba, yeye anakaa nje gizani mpaka tulale." (Wote wawili wameniruhusu niyaseme haya. Bila ruhusa yao nisingeyaleta hapa.)

Nilipanda gari Alhamisi. Wanaoijua hiyo barabara ya kupitia Gotu wanajua. Ukifika, hata nyusi zako zimekuwa za vumbi. Nilipokelewa vizuri sana. Maji ya kunawa, chai, watoto wakanisalimia mmoja mmoja kwa adabu. Na mimi, wapendwa, kabla sijamaliza kikombe, mkono wangu ukaingia kwenye mfuko ukatoa daftari. Hata sikufikiria, ni mazoea tu. Nikamuuliza, "Haya mtumishi, hesabu ya mwezi huu ikoje?"

Akaniangalia. Akasema polepole, kwa heshima kabisa, "Pasta, umekuja kunikagua ama umekuja kunihamisha?"

Nilitafuta jibu nikakosa. Kwa sababu katika akili yake, na alikuwa na haki, hakukuwa na sababu ya tatu ya mimi kusafiri mpaka pale. Hakuwaza kwamba mtu anaweza kuja tu kumwona.

Twende kwa andiko sasa. Paulo yuko Roma, amefungwa, na anamwandikia Timotheo. Anasema watu wa Asia wamemwacha, na anataja wawili kwa majina, Figelo na Hermogene. Halafu anamtaja mmoja ambaye hakumwacha, Onesiforo, na anaiombea nyumba yake rehema. Angalia ni nini Onesiforo alifanya. Alipofika Roma alimtafuta Paulo kwa bidii mpaka akampata. Hakuonea haya minyororo yake. Na alimburudisha, tena si mara moja.

Hebu tukae kidogo kwa hilo neno. Siku hizi ukisema burudani, vijana wanafikiria muziki na wachekeshaji. Lakini kuburudisha ni ndugu wa baridi, neno moja la asili. Ni kumpoza mtu aliyeshikwa na joto. Na neno la Kigiriki alilotumia Paulo pale lina maana hiyo hiyo, kupoza, kumrudishia mtu pumzi, na katika Agano Jipya lote kitenzi hicho kinatokea hapo tu. Mimi nililielewa Biliqo saa nane mchana, mabati yanalia kwa jua, na mtoto wa mwinjilisti akaniletea kikombe cha maji yaliyokuwa yamewekwa kivulini kwenye mtungi. Hakusema kitu. Alinipa akasimama kando. Nikasema moyoni, Bwana, kumbe ni hivi.

Paulo hatuambii Onesiforo alibeba nini. Hatuambii kama alihubiri. Tunajua tu kwamba alitafuta, akafika, akarudi tena. Na tunaweza kuona jambo moja: kama angetaka hesabu, Paulo wakati ule hakuwa na hesabu nzuri ya kumpa. Asia yote imemgeuka! Ungeandika nini kwenye daftari?

Wacha niwaambie hesabu ya Biliqo ndiyo muelewe. Majirani karibu wote ni Waborana, ni Waislamu, na wanaishi na mtumishi wetu kwa amani. Kanisa letu pale ni walimu kadhaa, muuguzi, maafisa waliopelekwa na kazi, na familia zao. Mwalimu akizoea, akianza kufundisha watoto Sunday school, barua ya uhamisho inakuja. Na shule zikifungwa Desemba, walimu wakienda kwao, ibada ya Jumapili ni mwinjilisti, mke wake na watoto wawili. Anasimama, anasema Bwana asifiwe, na mke wake anajibu Amina. Hiyo Desemba mimi hupiga simu, nasikia "wanne", naandika nne, na nakumbuka mwaka jana nilimwambia aongeze bidii ya ushuhudiaji. Mungu anisamehe.

Kuna jambo lingine nililosikia kwa mkewe. Mwaka jana mtumishi aliugua malaria vibaya. Sisi tulituma pesa kwa M-Pesa na ujumbe wa kumtia moyo, ule wa kutumwa kwa watu wengi. Lakini kila asubuhi, wiki nzima, jirani yao mmoja, mama wa Kiborana, Mwislamu, alikuwa analeta maziwa ya ngamia, anaketi na mke wa mtumishi, anamwombea nafuu kwa lugha yake, anaenda. Hakukosa siku hata moja. Sasa niambieni, kwa habari ya kazi ya Onesiforo, nani aliifanya Biliqo?

Pesa zilisaidia, tusizidharau, dawa zilinunuliwa. Lakini mke wa mtumishi aliniambia habari za yule mama kwa karibu nusu saa, na habari za M-Pesa yetu kwa sentensi moja.

Si jambo geni katika nchi yetu. Johannes Rebmann, Mjerumani, alifika pwani mwaka 1846, akakaa Rabai miaka 29 bila kurudi kwao. Miaka ishirini na tisa! Waliookoka mkononi mwake walikuwa wachache sana, na wakubwa wake Ulaya walikuwa wakijiuliza kama kazi hiyo ina faida. Macho yakamwisha akawa kipofu. Mwaka 1875 alipoondoka, Mkristo wa Rabai aliyeitwa Isaac Nyondo alisafiri naye kumwongoza. Tunajua sana jina la Rebmann, eti ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Nyondo tunamjua wachache. Mimi siku hizi namfikiria zaidi yule aliyeshika mkono.

Na msisahau Eliya chini ya mti wake, 1 Wafalme 19, anaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimwamsha ale mkate, anywe maji, alale tena. Halafu akamlisha mara ya pili. Swali la "unafanya nini hapa" lilikuja baadaye kabisa, akiwa ameshiba. Mimi nilianza na swali.

Basi lile daftari nililirudisha kwenye begi. Ijumaa tulichota maji, tukarekebisha mlango wa kanisa uliokuwa umeanguka bawaba, tukaongea habari za mpira na za watoto. Sikuhubiri. Usiku, tukiwa nje pale pale gizani anapokaa, akasema yeye mwenyewe bila kuulizwa, "Pasta, mimi nimewawekea watu mikono, wagonjwa, watoto, hata dereva mmoja wa lori. Lakini tangu ile siku mlinituma, hakuna mtu ameniwekea mimi mkono."

Nikainuka nikamwekea. Mimi mnayenijua kwa maombi marefu, nilikosa maneno. Nilimwita Yesu tu, tena na tena. Alilia, na mimi nikalia, na mkewe akatoka nje akatukuta hivyo, akaketi chini akashika mguu wa mume wake.

Sitawaambia kwamba sasa mambo yote ni sawa. Ameandika barua ya kuomba uhamisho na ninayo. Wazee watakaa nayo mwezi ujao, na mimi sijamwambia akae wala aondoke. Akirudi, atapokelewa hapa kwa heshima kama mtu aliyefanya kazi. Akibaki, habaki tena vile tulivyomwacha.

Nilimuuliza mkewe asubuhi ya kuondoka, mama, tuwaletee nini? Nilidhani atasema spika, au mabati. Akafikiri. Akasema, "Leteni mama mmoja akae hapa siku mbili. Tupike pamoja, anisuke nywele, tuimbe. Nimeimba peke yangu mpaka nimesahau sauti ya pili."

Mama kanisa anaenda Alhamisi wiki hii, anarudi Jumatatu. Gari lina nafasi mbili zimebaki. Ndugu mmoja wa kukaa na mtumishi anahitajika, na mama mmoja anayeijua sauti ya pili. Mwone shemasi mlangoni leo, msingoje Jumatano.