Deni la Mgeni

Waswahili wana methali mbili juu ya mgeni, na methali hizo hazisemi neno moja. Ya kwanza yasema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika ya kwanza mgeni ni dawa. Katika ya pili ni mlaji, naye asipofanya kazi huwa mzigo. Watu huitumia kila moja kwa wakati wake, wala hawaulizi kama zapingana. Lakini iko miji ambayo mtu hawezi kuizuru kwa akili timamu bila ya kuzipima zote mbili pamoja. Mmoja wa miji hiyo ni Jakarta, ulioko katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia.

Zamani njia ya kufikia huko ilikuwa bahari. Bandari ya Sunda Kelapa ilikuwako kabla Waholanzi hawajausimamisha hapo mji wao wa Batavia mwaka 1619, na hata leo merikebu za mbao hufunga gatini na kupakua shehena. Baharia wa tanga hakuondoka siku aliyotaka. Pepo zilizomleta hazikuweza kumrudisha. Ilimpasa kungoja miezi mpaka zigeuke. Katika kungoja huko alitafuta mahali pa kulala, alijifunza lugha, aliugua akauguzwa, alikopa akalipa. Jembe la methali lilimfikia, apende asipende.

Walakini isidhaniwe kwamba kukaa sana peke yake ni wema. Kampuni ya Waholanzi ilikuja kutafuta viungo, ikabaki kutawala. Mwaka 1740 maelfu ya Wachina, waliokuwa wamefanya mji huo kuwa kwao, waliuawa ndani yake. Hapo mgeni alikaa muda mrefu kupita wote, na jembe akawapa wenyeji washike badala yake. Basi kipimo cha ugeni mwema si wingi wa siku. Kipimo ni nani abebaye gharama ya siku hizo.

Msafiri wa leo hangoji upepo. Akitoka pwani ya Afrika ya Mashariki aghalabu hubadili ndege katika mji mmoja wa Ghuba, kisha huivuka bahari ile ile ya majahazi akiwa usingizini. Hushuka katika uwanja wa Soekarno-Hatta, uliofunguliwa mwaka 1985 magharibi ya mji, na treni humfikisha kati ya mji kabla hajachoka. Huutazama mnara wa taifa, wenye urefu wa mita 132 na mwali wa dhahabu juu yake. Huuingia msikiti mkubwa wa Istiqlal, uliochorwa na Friedrich Silaban, aliyekuwa Mkristo, nao umeelekeana na kanisa kuu ng'ambo ya njia. Hufurahi, na furaha yake ni halali. Siku ya tatu ndege yake huondoka, na jembe huachwa limeegemezwa ukutani.

Pengine ingekuwa si kitu, lau mji wenyewe usingekuwa unazama. Jakarta umejengwa juu ya udongo laini ulioletwa na mito, na mito 13 hupita ndani yake kwenda baharini. Maji ya mito hiyo yamechafuka, na kwa miaka mingi bomba halikufika kila nyumba. Kwa hiyo watu, viwanda na majumba makubwa walichimba visima wakavuta maji yaliyo chini. Maji yatokapo, udongo hukazana na kushuka, mfano wa godoro lililopunguzwa pamba, na uzito wa majengo huzidi kuugandamiza. Ziko sehemu za kaskazini zilizoshuka zaidi ya mita 2 tangu miaka ya 1970. Katika mtaa wa Muara Baru bahari imesimama juu kuliko njia wapitazo watu, ikizuiliwa na ukuta tu. Na nje ya ukuta huo uko msikiti ulioachwa majini.

Joto la Jakarta ni kali, na mgeni huoga asubuhi na jioni. Shuka zake hufuliwa kila siku bila yeye kuagiza. Je, ana sehemu yake katika kuzama huko?

Mtetezi wake atasema hana. Maji ya mtu mmoja ni tone. Mwenyeji aogaye mwaka mzima hutumia mengi zaidi. Visima havikuchimbwa na mgeni. Tena fedha alizoleta hulisha wapishi, madereva na wafuaji. Maneno haya yana kweli, na methali ya kwanza huyashuhudia. Lakini hayamalizi shauri. Mwenyeji hutumia maji, naye hulala juu ya ardhi inayoshuka: faida na hasara hukutana katika nyumba moja. Mgeni huchukua faida akaiacha hasara nyuma. Udogo wa tone hupunguza deni, haulifuti. Na yule asemaye kwamba amelipa kwa fedha afikiri ni nani aliyepokea fedha hizo, na ni nani ambaye kizingiti chake huingia maji. Mara nyingi watu hao si wamoja.

Wala kubaki nyumbani si malipo. Asiyekwenda hakulipa deni. Amejiepusha nalo tu, na mpishi amekosa ujira. Liko jawabu jingine, na wenyeji wenyewe wamelidokeza. Katika mitaa mingi ya Indonesia huonekana vibao vinavyomwagiza mgeni atakayelala hapo ajitambulishe kwa mkuu wa mtaa kabla ya saa 24 kupita. Mtanzania aliyezoea balozi wa nyumba kumi hataona ajabu. Amri hiyo yaweza kuonekana kuwa upelelezi, na pengine hutumiwa hivyo. Lakini ina maana njema ndani yake. Yamwambia mgeni: umeingia katika hesabu yetu. Mkaaji wa hoteli hujitambulisha kwa karani peke yake, kisha hujiona kuwa nje ya hesabu zote.

Jembe la mgeni wa siku tatu, basi, ni kujitia katika hesabu. Mwaka 2021 serikali ya mji ilitoa kanuni ya kuyakataza majumba makubwa ya maeneo fulani kuvuta maji ya ardhini, na katazo likaanza kushika Agosti 2023. Mgeni aulizaye hotelini maji yatoka wapi, na achaguaye malazi kwa jibu atakalopewa, huipa kanuni hiyo mkono ambao askari hawezi kuipa. Apandaye reli ya mjini, iliyofunguliwa mwaka 2019, husimama bega kwa bega na wenyeji. Afikaye Muara Baru akautazama ukuta kwa adabu, pasipo kuwafanya wakaaji wake kuwa maonyesho, hurudi kwao na habari ya kweli. Kazi hizi ni ndogo, lakini methali haikusema jembe liwe kubwa.

Mwaka 2022 Indonesia ilitunga sheria ya kuhamishia makao makuu Nusantara, katika kisiwa cha Kalimantan. Serikali yaweza kuhama, na mgeni hana budi kuondoka. Lakini watu zaidi ya milioni 10 hawana tikiti ya kurudi, na ardhi yao haitaacha kushuka kwa sababu nyaraka zimepelekwa kwingine. Kwa ajili yao methali mbili zapatana. Mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyelijua jembe. Na mgeni aliyelishika, hata kwa siku moja, ameipata haki ya kuambiwa, Njoo tena.