Nyumba ya Ugenini na Deni la Riba

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, kijana mmoja aliyekuwa akihudhuria darsa yetu, na ambaye sasa anaishi Marekani katika mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, ametuletea suala. Asema kwamba ana mke na watoto, kodi ya nyumba yampandia, na kila apigapo simu mama yake humuuliza atanunua nyumba lini, kwani mtoto wa jirani amekwisha kununua yake. Benki iko tayari kumkopesha. Je, achukue? Tumeona tumjibu hapa, kwa sababu suala hili si lake peke yake, na kwa sababu sehemu ya jawabu yatuhusu sisi tuliobaki pwani.

Kuhama kutafuta maisha si aibu wala si dhambi. Masahaba walihamia Uhabeshi wakakaa chini ya mfalme Mkristo, na dini yao ikasalimika. Wala kutaka nyumba si pupa ya dunia, kwani Mtume (s.a.w.) amehisabu nyumba yenye nafasi na jirani mwema kuwa katika mambo ya furaha ya mtu. Basi hatumlaumu kijana wetu kwa analolitaka. Twamuuliza ataingia nyumbani humo kwa mlango gani.

Na tuutazame mlango wa benki kwa hisabu. Tuseme nyumba ni dola 250,000. Yeye atoa 50,000, na benki yamkopesha 200,000 kwa riba ya asilimia 6, alipe kwa miaka 30, na nyumba iwe rehani. Kila mwezi atalipa kama dola 1,199. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, dola 1,000 ni riba, na 199 tu ndizo zipunguzazo deni. Ikiisha miaka 30 atakuwa ametoa zaidi ya dola 431,000 kwa deni la 200,000. Na hapo hatujataja kodi ya serikali, wala bima, wala matengenezo. Akishindwa kulipa, nyumba hunadiwa.

Wako wasemao, "Hii ni sawa na kodi tu." Si sawa. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo mkali ulivuma katika mji huo huo, ukaezua mapaa na kuangusha miti mingi mno. Mpangaji ambaye nyumba yake iliharibika, matengenezo yalikuwa juu ya mwenye nyumba, kwani nyumba ni yake na hasara ni yake. Lakini aliyekopa, paa likiruka, deni lake haliruki nalo. Benki yataka haki yake kamili pamoja na ziada. Faida isiyobeba hasara yoyote ya kitu chenyewe ndiyo riba iliyoharimishwa katika Suratul Baqara, palipohalalishwa biashara.

Kijana wetu huenda akasema kuwa wako wanavyuoni walioruhusu. Ni kweli. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti liliwapa ruhusa Waislamu wa nchi zile, kwa masharti: nyumba iwe ya kukaa yeye na watu wake, asiwe na nyumba nyingine, asiwe na mali ya kununulia bila ya mkopo huo, na asipate njia nyingine ya halali. Wanavyuoni wengi waliikataa fatwa hiyo. Sisi hatuwatukani walioitoa, kwani ni watu wa elimu na wamejitahidi. Lakini hata kwao wao, mlango huu ni wa mwenye haja kubwa, na haja hupimwa kwa kadiri yake. Mwenye nyumba ya kupanga, yenye joto wakati wa theluji, na hapana amtoaye, haja yake ni ipi? Suala la mama si dharura. Nyumba ya mtoto wa jirani si dharura.

Njia nyingine ziko. Ya kwanza ni subira na akiba, hata kama nyumba itakuwa ndogo na ya zamani. Ya pili ni ushirika: kampuni na mnunuzi wanunue nyumba pamoja, mnunuzi alipe kodi ya fungu la kampuni huku akilinunua kidogo kidogo mpaka iwe yake yote. Ziko kampuni Marekani zifanyazo hivyo. Lakini asidanganyike na jina la Kiarabu lililoandikwa juu ya karatasi. Na ausome mkataba pamoja na mwanachuoni na mwanasheria, aulize nani abebaye hasara nyumba ikiharibika.

Na ajihadhari na mtego mwingine. Katika jimbo jirani la Minnesota, Waislamu wa Kisomali waliokuwa wakiikimbia riba walinunua nyumba kwa mikataba ya kumlipa muuzaji mwenyewe kwa mafungu. Wengine waliuziwa kwa bei ya juu mno, na hati ya nyumba ikabaki kwa muuzaji, hata wakishindwa mara moja huweza kupoteza nyumba na vyote walivyolipa. Mambo yalifika hadi mwaka 2024 jimbo likatunga sheria ya kuwalinda wanunuzi. Basi kuikimbia riba si ruhusa ya kuukimbilia udanganyifu.

Tena, ewe kijana wetu, katika mji wako mna mawaidha ya mbao na misumari. Waislamu waliotoka nchi za Sham walijenga hapo msikiti mdogo mwaka 1934, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi. Mwaka 1971 jamaa walijenga msikiti mkubwa zaidi, na ule wa zamani ukauzwa. Ukapita mikono ya watu, hata ukawa kanisa, kisha ukachakaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Waislamu waliununua tena, wakautengeneza, na leo wajulikana kuwa ni msikiti mkongwe kuliko yote iliyojengwa kwa kusudi hilo Marekani na ambayo ingali imesimama.

Zingatia. Jengo liliwatoka mikononi kwa miaka kama 20, na dini haikuwatoka, kwa sababu jamaa walibaki wakisali pamoja. Na kwa kuwa jamaa walibaki, jengo likarudi. Kwa hivyo kabla hujatafuta nyumba, tafuta jirani na msikiti. Panga karibu na wasalio, watoto wako wakue wakisikia adhana na Kurani. Nanyi mlioko huko mkutane, hata nyumba kumi, mchangie mfuko wa kukopeshana bila ziada.

Na neno la mwisho ni letu sisi wa pwani. Twawapima watoto wetu walioko ng'ambo kwa nyumba walizonunua, tukazitaja harusini na barazani, wala hatuulizi zimenunuliwa kwa nini. Huyu kijana aelekea kujifunga miaka 30 katika jambo alichukialo Mola wake, ili sisi tupate la kusema. Dhambi hiyo tutamwachia peke yake? Enyi kina mama, enyi kina baba, apigapo simu mwulizeni kwanza kama amesali, na watoto wamefika wapi katika Kurani. Mwambieni kuwa kupanga hakumshushi heshima mbele yenu. Neno hilo moja kutoka kwa mama litamzuilia riba kuliko kurasa zetu zote hizi.

Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, na awahifadhi watoto wetu popote walipo. Amin.