Ubatizo kwa Niaba ya Wafu
Katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, mtoto habatizwi kabla ya kutimiza miaka 8, umri wa uwajibikaji, yaani wa kuweza kupambanua mema na mabaya. Zito zaidi ni fundisho alilolitangaza Joseph Smith huko Nauvoo, Illinois, mwaka 1840, kwamba aliye hai aweza kuzamishwa majini kwa niaba ya marehemu, jambo lililofanyika kwanza katika mto Mississippi, kisha hekaluni, ndani ya birika lililobebwa na sanamu za maksai 12. Fundisho hilo huiachia roho hiari ya kukubali au kukataa, na kwa hiyo si haki kuliita shuruti. Hata hivyo, uchungu wa Wayahudi, ambao ndugu zao waliouawa na Wanazi walibatizwa hivyo, ulistahili makubaliano ya mwaka 1995 ya kukomesha ubatizo huo.