Kura na Mizani



Mkulima wa Nachingwea au Ruangwa apelekapo korosho na ufuta ghalani, hakai mbali na mizani. Husogea aione. Si kwamba amemdhania mpimaji kuwa mwizi. Ajua tu kwamba kipimo kisichoonekana hakiutulizi moyo, hata kikiwa sahihi.

Je, si hivyo hivyo kwa kura? Au yatosha kwamba jeshi limeondoka na raia wametawala?

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Idi Amin alitwaa madaraka kwa nguvu za jeshi Januari 1971. Katika utawala wake Askofu Mkuu Janani Luwum, wa Kanisa letu Anglikana, aliuawa Februari 1977. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yaliiteka Kampala. Uchaguzi ukafanyika Desemba 1980, nchi ikiwa chini ya Tume ya Kijeshi. Hesabu ilipokuwa ikiendelea, mwenyekiti wa Tume hiyo, Paulo Muwanga, alikataza mtu yeyote kutangaza matokeo bila idhini yake. Kisha UPC ya Milton Obote ikatangazwa mshindi. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliona kwamba kwa jumla uchaguzi wakubalika; DP ilisema imeibiwa. Februari 1981 Yoweri Museveni alianza vita vya msituni, na mwaka 1985 wanajeshi wakampindua Obote.

Wako wasemao: afadhali hesabu yenye kasoro kuliko bunduki. Neno hilo lina uzito, maana waliochoka na vita hutamani kulala usingizi. Lakini hesabu iliyofichwa huiita bunduki irudi. Tena humdhulumu hata aliyeshinda kwa haki, kwa kuwa hana la kuwaonyesha wanaomshuku. Aliyeshindwa, akiona kwa macho yake, aweza kuyapokea machungu yake. Asipoonyeshwa, twamdai imani. Na imani ya namna hiyo ni haki ya Mungu, si ya msimamizi wa uchaguzi.

Mtume Paulo, alipochukua sadaka ya Wakorintho, alijali uaminifu wake uonekane mbele za Bwana na mbele za watu pia. Nasi, tukikabidhiwa kura za kijiji, za ushirika au za taifa, tuzihesabu peupe, hata kama sisi wenyewe tutashindwa.

Bwana atujalie mioyo ya kweli. Amina.