Mwenye Ng'ombe na Mwenye Mbwa

Somo: Kutoka 21:28–29



Katika sheria aliyopewa Musa kuna neno juu ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Akimwua mtu, ng'ombe huuawa, na mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ng'ombe yule alikuwa na desturi hiyo tangu zamani, na mwenyewe alionywa, naye hakumzuia, basi hatia ya damu ni ya mwenyewe pia. Angalieni vema tofauti hii. Ng'ombe ni yule yule, na pembe ni zile zile. Kilichogeuza hukumu ni onyo.

Sisi wa Singida twalifahamu neno hili upesi. Toka Iramba na Mkalama hata Ikungi na Manyoni, nyumba nyingi zina ng'ombe na mbuzi, na penye zizi pana mbwa. Yeye hukesha fisi anapozunguka usiku, naye huenda machungani pamoja na watoto. Ni kiumbe cha Mungu, na Mithali 12:10 yatufundisha kwamba mwenye haki huuangalia uhai wa mnyama wake. Lakini mbwa huweza kuingiwa na kichaa, na ugonjwa huo humpata mtu kwa mate, akiumwa, au akikwaruzwa, au akilambwa penye kidonda. Tena una hila. Aliyeumwa hukaa majuma au miezi akiwa mzima, na jeraha limekwisha kupona. Hata dalili zikitokea, akashindwa kumeza maji, hapana tena dawa ya kumponya. Karibu wote hufa. Hukadiriwa kwamba watu kama 59,000 hufa hivyo kila mwaka duniani, na watoto ni wengi kati yao.

Basi onyo tumekwisha kupewa, na njia tumeonyeshwa. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchoma sindano mtoto Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akaishi. Na katika nchi yetu tunao ushuhuda. Kisiwani Pemba walianza kuchanja mbwa kwa mpango mwaka 2010, na kufika 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja kwa bidii, na mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Nyumba iliyofagiwa nayo yahitaji mlinzi. Wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Basi mtu asiseme, "Mbwa wangu ni mmoja tu."

Lakini nataka kusema na moyo wa mwenye mbwa. Fikiri, ndugu, mbwa wako amemwuma mtoto wa jirani. Waogopa kudaiwa fidia. Waogopa maneno ya watu. Wasema, "Si mbwa wangu," au wamwua usiku na kumzika kimya. Ndugu, mficha maradhi kilio humfichua. Kwa neno lile moja la uongo umemnyang'anya mtoto siku ambazo angepata kupona. Nenda kwa jirani saa ile ile, ukaseme kweli. Kweli yako ni dawa ya kwanza ya mtoto yule.

Kisha jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa robo saa. Msitie mafuta ya taa, wala udongo, wala pilipili. Siku hiyo hiyo apelekwe hospitali apate sindano, wala asiziache kabla hazijatimia zote kama alivyoagizwa. Mbwa, ikiwezekana bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10, na bwana mifugo aarifiwe. Lakini mtoto asingojezwe siku hizo.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, afundisha kwamba amri ya tano haitimizwi kwa kutopiga tu. Yatutaka tumsaidie jirani katika kila shida ya mwili wake. Basi mtu aliyepata habari ya siku ya kuchanja, akamwacha mbwa wake nyumbani kwa uvivu, asidhani kwamba hakuigusa amri hiyo.

Ninyi waalimu wa sharika, tangazeni siku hiyo kanisani, kisha mwe wa kwanza kuwaongoza mbwa wenu kwa kamba, watu wakiona. Watoto wafundisheni kumwambia mzazi kila wanapoumwa, hata kama jeraha ni dogo, hata kama walikuwa wakimchokoza mbwa. Wala mzazi asimpige mtoto aliyesema, asije akanyamaza mara nyingine.

Na kama yupo asomaye haya, naye alinyamaza zamani, na kilio kikatokea, asikimbie uso wa Bwana. Amwendee jirani yake na kuungama. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, lakini ipo Damu inenayo mema kuliko ile.

Bwana Mungu, uliyetupa wanyama watulinde, utupe sisi nasi kuwalinda watoto wa jirani zetu. Utuondolee hofu ya aibu, utufundishe kusema kweli mapema. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.