Hisi ya Moyoni Katika Uuguzi

Msomaji, fikiri kwamba muuguzi anapita wodini usiku wa manane. Joto la mgonjwa mmoja ni la kawaida, mapigo ya moyo wake ni sawa, na karatasi ya vipimo haina neno baya. Hata hivyo, muuguzi ahisi kwamba mtu huyu si yule aliyemwacha jioni. Je, amwamshe daktari kwa jambo asiloweza kulithibitisha, au anyamaze mpaka kipimo kiseme? Akisema kumbe hapana kitu, atachekwa. Akinyamaza kumbe hatari ipo, huenda mtu akafa.

Watu wengine hudharau hisi ya moyoni kuwa ni ndoto, na wengine huitukuza kuwa ni karama ya kuzaliwa. Mimi naona pande zote mbili zimepotea njia. Baharia mzee hutazama wingu akateremsha tanga kabla ya dhoruba. Si mchawi, bali macho yake yameona mengi kuliko ulimi wake uwezavyo kueleza. Muuguzi wa miaka mingi ni vivyo hivyo. Patricia Benner, muuguzi na mwalimu wa Marekani, aliandika mwaka 1984 kwamba muuguzi hupanda ngazi tano toka uanagenzi hadi ubingwa. Mwanagenzi hushika kanuni mojamoja. Bingwa huona hali yote ya mgonjwa kwa pamoja.

Mwaka 1993 Beth Crandall na Karen Getchell-Reiter walitangaza uchunguzi wao juu ya wauguzi wa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Wauguzi wazoefu waliweza kutambua uambukizo hatari kabla ya majibu ya maabara. Walipoulizwa walijuaje, walijibu kwamba walihisi tu. Walipohojiwa kwa subira, ilidhihirika kuwa walikuwa wameona dalili ndogo ndogo, na baadhi yake hazikuwamo vitabuni wakati ule. Basi hisi yao haikuwa kinyume cha elimu. Ilikuwa elimu isiyopata maneno bado.

Lakini hapa yatupasa kujihadhari. Chuki, upendeleo na uchovu pia huzungumza moyoni, na sauti yao hufanana na sauti ya ujuzi. Muuguzi asemaye, "Moyo waniambia mgonjwa huyu anajifanya tu," huenda hasikii ujuzi wake, bali dharau yake kwa maskini au kwa mtu wa kabila jingine. Tutazipambanuaje sauti hizi? Tuangalie zinatupeleka wapi. Hisi njema humsogeza muuguzi karibu na mgonjwa ili amtazame tena. Hisi mbovu humpa sababu ya kumwacha.

Kwa hiyo, hisi humpa muuguzi haki, tena wajibu, wa kutazama tena, kupima tena na kusema. Haimpi ruhusa ya kutoa dawa pasipo idhini, wala ya kukipuuza kipimo. Daktari naye hana budi kumsikiliza bila kicheko. Hasara ya kuamshwa bure ni usingizi wa saa moja. Hasara ya kunyamaza yaweza kuwa roho ya mtu.

Kijana msomaji, huenda hutakuwa muuguzi, lakini utakuwa na kazi, na siku moja moyo wako utanena kabla ya ushahidi kutimia. Usiufuate kama mtumwa, wala usiuzibe kinywa. Uulize umejifunza wapi jambo hilo. Kisha nenda ukatazame.